TEMPO haizimi, au inazima kupita kiasi: utatuzi wa matatizo ya kuzima mng'ao kwa radikali huru

TEMPO na ndugu zake wa kundi la nitroksidi ni radikali huru tulivu: zinakaa chupani miezi mingi bila kuungana zenyewe kwa zenyewe. Kila molekuli ina elektroni moja isiyo na mwenza. Ikikutana na molekuli ya kikaboni iliyosisimuliwa na mwanga, elektroni hiyo moja inatosha kuifanya ipoteze nishati yake kabla haijang'aa. Kipimo chake ni chepesi kukieleza. Unaongeza radikali kidogo kidogo kwenye myeyusho unaotoa fluoresensi, unapima mng'ao unavyoshuka, kisha unachora F0/F dhidi ya ukolezi wa radikali. Mlinganyo unaotumika ni ule wa Otto Stern na Max Volmer wa mwaka 1919:

F0/F = 1 + kq × τ0 × [Q]

F0 ni mng'ao kabla ya kuweka radikali, F ni mng'ao baada ya kuiweka, τ0 ni muda wa uhai wa hali ya msisimko bila radikali, [Q] ni ukolezi wa radikali, na kq ni konstanti ya kasi ya uzimaji. Mteremko wa mstari, yaani kq × τ0, huitwa Ksv.

Tatizo ni kwamba mstari ulionyooka si ushahidi kwamba radikali ndiyo iliyozima. Oksijeni ya hewani, rangi ya radikali yenyewe, na mwanga uliotawanywa na kiyeyushi vyote vinaweza kutoa grafu nzuri yenye namba ya uongo. Ndiyo maana hapa tunaanza na dalili inayoonekana kwenye grafu au kwenye kifaa, halafu tunarudi nyuma hadi kwenye chanzo. Mfano mkuu ni pireni (molekuli inayong'aa) na TEMPO ndani ya kiyeyushi cha asetonitrili, kwa sababu uhai mrefu wa pireni huonyesha kila kosa waziwazi.

Matokeo ya kawaida yanavyoonekana

Tumia pireni ya 1 µM. Ukisisimua kwa nm 335 kwenye kyuveti (kichupa cha kupimia mwanga) ya sm 1, ufyonzaji (A) utakuwa karibu 0.05, nao ni mdogo vya kutosha. Usipite 10 µM. Ukolezi ukikaribia 1 mM, molekuli mbili za pireni hushikana na kutoa mng'ao mpana karibu na nm 475, na hapo utakuwa unapima matukio mawili kwa pamoja.

Ndani ya asetonitrili iliyoondolewa oksijeni, pireni huishi nanosekunde 300 hivi. Ndani ya asetonitrili iliyoachwa hewani, uhai huo hushuka hadi karibu nanosekunde 20. Kasi ya juu kabisa ya molekuli mbili kukutana ndani ya kiyeyushi hicho kwa 25 °C ni karibu 1.9 × 10^10 M⁻¹s⁻¹. Kwa hali ya singleti (msisimko ambao spini za elektroni zinafutana, na ndio unaotoa fluoresensi), nitroksidi huzima kwa kasi isiyo mbali na kikomo hicho. Ukichukua kq ya 10^10, bila oksijeni utapata Ksv ya karibu 3000 M⁻¹, na hewani karibu 200 M⁻¹. Kwa hiyo TEMPO ya 1 mM bila oksijeni inatakiwa kushusha mng'ao hadi robo, na ileile hewani ishushe kwa sehemu moja tu ya sita. Zikariri namba hizi mbili kabla ya kuwasha taa.

Myeyusho wa akiba: miligramu 156 za TEMPO (uzito wa mola 156.25) ndani ya asetonitrili hadi ujazo wa mL 10.0, yaani 0.100 M. Kila µL 3 ukiziongeza kwenye mL 3.00 za pireni, ukolezi wa radikali hupanda kwa 0.1 mM. Tumia sindano ya kioo ya µL 10, si pipeti ya plastiki. Ukifika 1.0 mM utakuwa umeongeza ujazo kwa asilimia 1 tu, na kosa hilo linaweza kupuuzwa. Ukihitaji zaidi ya hapo, tia pireni ya 1 µM kwenye myeyusho wa akiba pia ili isizimuliwe.

Dalili: hakuna kinachozimika, au kinazimika kidogo mno

Anza na radikali yenyewe. TEMPO ni ya rangi ya machungwa inayoelekea wekundu, na hufyonza mwanga karibu na nm 460 kwa ε (nguvu ya ufyonzaji kwa kila mola) ya karibu 10 M⁻¹sm⁻¹. Kwa hiyo akiba ya 0.100 M kwenye kyuveti ya sm 1 inatakiwa kuonyesha A ya karibu 1.0. Ukipata 0.6, una radikali ya 0.06 M hata kama mizani ilikuambia vingine. Kipimo hiki hakimalizi dakika mbili na hakihitaji spektrometa ya EPR (kifaa kinachotambua elektroni zisizo na mwenza), kwa hiyo kifanye kila siku ya kazi. Mwenye EPR ataona mistari mitatu inayolingana urefu, ambayo nitrojeni huigawa kwa nafasi ya gausi 15 hadi 17 kutegemea kiyeyushi. Kupima eneo la mistari hiyo dhidi ya myeyusho wa radikali unaojulikana ukolezi wake ndiko kuhesabu radikali zilizo hai.

TEMPO hupotea kwa njia nyingi. Huyeyuka kwa 36 hadi 38 °C, na hugeuka mvuke polepole hata kabla ya hapo. Kwenye chumba cha joto cha pwani, chupa iliyoachwa mezani hutoa fuwele nyekundu chini ya kifuniko. Ihifadhi kwenye friji, 2 hadi 8 °C, na iache ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo unyevu wa hewa utagandia kwenye fuwele na utapima maji pamoja na radikali. Pia, usipitishe gesi kwenye myeyusho baada ya kuweka TEMPO, kwani mapovu huondoka nayo. Ukilazimika kufanya hivyo, tumia TEMPOL, yaani TEMPO yenye kundi la OH kwenye nafasi ya 4 (uzito wa mola 172.25), ambayo haipeperuki kirahisi na huyeyuka vizuri kwenye maji.

Asidi kali nayo huiua: molekuli mbili za nitroksidi hugawana, moja ikawa kasheni ya oksoamoni na nyingine haidroksilamini. Thioli na asidi askobiki huigeuza kuwa haidroksilamini isiyo na rangi wala elektroni pweke. Ukifanya kazi kwenye bafa ya protini iliyotiwa ditiothreitoli, ambayo ni thioli, radikali yako huenda haikuwahi kufika kwenye fluorofori, yaani molekuli inayong'aa.

Ikiwa radikali ni nzima na bado mng'ao haushuki, tazama τ0. Anthrasini huishi nanosekunde 5 hivi, kwa hiyo Ksv yake haiwezi kuzidi 100 M⁻¹ hata ufanye nini, na kwa kawaida iko karibu na 50. TEMPO ya 1 mM itaizima kwa asilimia 5 tu. Hapo utahitaji 10 hadi 40 mM, na kwenye ukolezi huo ndipo shida ya rangi ya radikali inapoingia.

Dalili: kq imezidi kikomo cha kukutana

Ukikokotoa kq ya 5 × 10^10 au 2 × 10^11 ndani ya asetonitrili, usitafute nadharia mpya. Molekuli haziwezi kuzimana kwa kugusana haraka kuliko zinavyokutana. Kwa maji kikomo ni karibu 7.4 × 10^9, kwa ethanoli karibu 6 × 10^9. Kwa kiyeyushi kingine kikokotoe mwenyewe kwa 8RT/3η (R ni konstanti ya gesi, T ni joto kwa kelvini), ukitumia mnato (η) wa joto ulilopimia. Maabara ya 32 °C na ya 22 °C hazitoi kq moja: ndani ya asetonitrili kikomo hupanda kwa zaidi kidogo ya asilimia 1 kwa kila digrii, kwa hiyo andika joto la kyuveti, si la chumba.

Chanzo cha kwanza ni τ0 isiyo ya myeyusho huo. Mtu anapima mteremko wa 3000 M⁻¹ kwenye myeyusho uliosafishwa oksijeni, kisha anaugawa kwa uhai wa nanosekunde 20 uliopimwa hewani: anapata 1.5 × 10^11. Kinyume chake ni hatari zaidi, kwa sababu hakishtui mtu. Mteremko wa hewani wa 200 M⁻¹ ukigawanywa kwa nanosekunde 300 za kwenye jedwali hutoa 6.7 × 10^8, na mwandishi anahitimisha kwamba nitroksidi inazima pireni polepole. Jedwali halijui kyuveti yako ina oksijeni kiasi gani. Pima τ0 kwenye kyuveti ileile, siku ileile, kabla ya tone la kwanza la radikali.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa maabara zetu zinazopimia hewani kwa kukosa arigoni. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni karibu asilimia 80 ya lile la Dar es Salaam. Oksijeni iliyoyeyuka hupungua kwa kadiri hiyohiyo. Pireni yenye uhai wa nanosekunde 20 Dar es Salaam itakuwa na karibu 24 Nairobi, kiyeyushi kikiwa kilekile na joto lilelile. Tofauti hiyo ya asilimia 20 kwenye Ksv haitokani na uzembe wa yeyote kati ya wapimaji hao wawili. Inatoweka pale kila mmoja anapogawa kwa τ0 yake mwenyewe.

Chanzo cha pili ni oksijeni inayobadilika katikati ya kipimo. Asetonitrili iliyoachwa hewani kwenye usawa wa bahari ina oksijeni ya karibu 1.9 mM, nayo huzima pireni kwa kasi kuliko TEMPO. Ukisafisha myeyusho wa pireni kwa uangalifu halafu ukaongeza µL 30 za akiba isiyosafishwa, unaingiza oksijeni ya karibu 0.02 mM pamoja na TEMPO ya 1 mM. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 4 au 5 kwenye mteremko, na kwa sababu inapanda sambamba na radikali, mstari unabaki umenyooka kabisa.

Dawa yake: safisha pande zote mbili. Pitisha arigoni au nitrojeni safi kwenye pireni kwa dakika 15 hadi 20, ukiipitisha kwanza kwenye chupa ya asetonitrili tupu ili gesi ifike ikiwa imeshiba mvuke, la sivyo kiyeyushi kitapungua na ukolezi utapanda. Funga kyuveti kwa kifuniko cha mpira kinachopenyeka kwa sindano. Akiba ya TEMPO isafishe kwa kuigandisha ndani ya nitrojeni majimaji, kuvuta hewa kwa pampu ikiwa imeganda, kuifunga, kisha kuiyeyusha. Rudia mara tatu au nne. Ikiwa imeganda hivyo, TEMPO haipotei kwenye pampu. Hakikisha kwa kipimo: uhai wa pireni ukikaa nanosekunde 300 hivi na usishuke ndani ya nusu saa, kyuveti haivuji.

Dalili: mstari unapinda kwenda juu

Hapa wengi hukimbilia kusema radikali na fluorofori zimeshikana kabla ya kusisimuliwa. Huenda ni kweli, lakini mara nyingi zaidi ni rangi ya TEMPO. Radikali inafyonza mwanga unaoingia, inafyonza na ule unaotoka, na fluorometa inasoma mwanga uliofyonzwa kana kwamba umezimwa.

Pima spektramu ya ufyonzaji ya kila myeyusho kwenye kyuveti ileile ya sm 1. Chukua A ya urefu wa wimbi unaosisimulia na A ya urefu unaosoma, kisha sahihisha:

F sahihi = F iliyosomwa × 10^((A ya kuingia + A ya kutoka)/2)

Ikiwa kwenye TEMPO ya 30 mM A ya mwanga unaotoka ni 0.30 na ya unaoingia ni sifuri, kizidishi ni 1.41. Yaani F0/F imetiwa chumvi kwa asilimia 41 na radikali haikuhusika na uzimaji huo hata kidogo. Jumla ya A mbili ikipita 0.5 hivi, usiutegemee tena mlinganyo huu. Tumia kyuveti nyembamba au soma kutoka upande wa mbele. Usisisimue chini ya nm 300 hata kidogo, kwa sababu karibu na nm 240 nitroksidi ina ufyonzaji wa maelfu ya M⁻¹sm⁻¹ na hapo mM chache tu huziba mwanga wote.

Kwa sababu hiyohiyo DPPH na galvinoksili ni chaguo baya kwa kazi hii, japokuwa ni radikali tulivu na zinapatikana kirahisi. DPPH ina ε ya karibu 12,000 kwenye nm 515 hadi 520, na hufyonza sana pia karibu na nm 330. Kwa 0.1 mM tayari A ni 1.2. Zaidi ya kuziba mwanga, ufyonzaji mkubwa hivyo hufungua njia ya nishati kuhama kwa mbali bila molekuli kugusana, na kq yake itakuwa na maana nyingine kabisa. TEMPO yenye ε ya 10 karibu haina njia hiyo.

Baada ya kusahihisha, ikiwa bado mstari unapinda, pima uhai wa msisimko. Mwanga uliofyonzwa na radikali hauwezi kubadilisha τ, wala muungano uliotangulia msisimko. Chora τ0/τ kwenye grafu ileile. τ0/τ ikinyooka huku F0/F ikipinda, kuna uzimaji wa papo hapo: radikali ilikuwa tayari iko jirani mwanga ulipofika. Hilo halihitaji kifungo cha kikemia. Tufe lenye nusu kipenyo cha nanomita 1 kuzunguka fluorofori lina ujazo wa L 2.5 kwa kila mola, kwa hiyo kwenye TEMPO ya 40 mM, F0/F hupandishwa na exp(2.5 × 0.040), yaani karibu asilimia 10, kwa ujirani wa bahati tu. Kwenye 1 mM ni robo ya asilimia, huwezi kuiona. Hii ndiyo sababu tunasisitiza fluorofori yenye uhai mrefu: radikali kidogo, mashaka kidogo.

Mwenye uwezo wa kupima τ afanye hivyo tangu mwanzo na aitegemee τ0/τ kuliko F0/F.

Dalili: mstari unapinda kwenda chini

Kuna mwanga usiozimika. Unapozima asilimia 75 ya mng'ao, kile ambacho mwanzo kilikuwa asilimia 2 ya usomaji sasa ni asilimia 8, na mstari unalala.

Kwa pireni kuna mtego mahususi. Ukisisimua asetonitrili kwa nm 335, mtawanyo wa Raman (mwanga unaotawanywa na kiyeyushi ukiwa umepoteza sehemu ya nishati) wa vifungo vya C–H huangukia nm 372, juu kabisa ya kilele cha kwanza cha pireni cha nm 373. Spektramu inaonekana nzuri, kilele kipo mahali pake, ila sehemu yake si pireni. Soma kilele cha nm 384 au 393, na toa usomaji wa asetonitrili tupu yenye TEMPO ya ukolezi uleule. Ukitaka uhakika, sogeza mwanga wa kusisimua kwa nm 3: mtawanyo utahama nao, pireni haitahama.

Chanzo kingine ni fluorofori kuwa katika makazi mawili, kama ndani ya miseli (vifungu vidogo vya molekuli za sabuni) au kwenye mfuko wa protini, ambako nitroksidi inafikia sehemu moja tu. Hapo kupinda ni taarifa ya kweli. Jaribu nitroksidi yenye chaji na isiyo na chaji: nyuso za miseli za SDS (sabuni ya maabara) zina chaji hasi, zitaivuta kasheni na kuisukuma anioni, na tofauti ya mteremko itakuonyesha fluorofori inakaa wapi.

Dalili: mng'ao unapanda wakati unautazama

Umeweka radikali, mng'ao umeshuka, halafu unaanza kupanda polepole bila kuguswa. Radikali inaliwa. Ziba mwanga kwa dakika tano kisha soma tena. Ukiendelea kupanda gizani, kuna kipunguzaji kwenye myeyusho. Ukisimama gizani na kuendelea penye mwanga, ni fotokemia.

Ketoni ndizo wahusika wakubwa. Tripleti (hali ya msisimko yenye elektroni mbili zisizo na mwenza, inayoishi muda mrefu) ya benzofenoni, ambayo ni ketoni, hunyakua haidrojeni kwenye alkoholi au toluini na kuacha radikali za kaboni, na TEMPO huzidaka radikali za kaboni kwa kasi ya karibu 10^9 M⁻¹s⁻¹. Kila moja inayodakwa ni TEMPO moja iliyopotea. Badili kiyeyushi kiwe asetonitrili au benzini, ambazo hazitoi haidrojeni kirahisi. Nitroksidi yenyewe nayo ikisisimuliwa kwa urujuanimno huweza kunyakua haidrojeni. Punguza mianya ya taa, funga shata kati ya usomaji mmoja na mwingine, na tumia kyuveti mpya kwa kila ukolezi badala ya kuongezea kwenye ileile.

Dalili: tripleti inazimwa polepole, au inaongezeka

Anayefuata tripleti kwa mweko wa leza hukutana na mambo mawili yanayofanana na hitilafu ilhali si hitilafu.

La kwanza ni kq ndogo. Singleti ikikutana na radikali yenye spini ½, jumla ya spini ni dubleti (½) pekee, na kila mkutano unaruhusiwa kuzima. Tripleti ikikutana na dubleti hutoa hali sita: nne za kwarteti (jumla ya spini 3/2) na mbili za dubleti. Mwisho wa safari, singleti ya chini pamoja na radikali, ni dubleti tu. Kwa hiyo theluthi moja ya mikutano ndiyo yenye njia ya moja kwa moja, na ndani ya asetonitrili kikomo kinashuka hadi karibu 6 × 10^9. Kwa kweli kq za tripleti nyingi na nitroksidi ziko chini zaidi, kati ya 10^7 na 10^9, hasa tripleti yenye nishati ndogo. Usitupe data kwa sababu hiyo. Itupe ikiwa hujaondoa oksijeni, kwani hapa hata mikromola chache huharibu kila kitu.

La pili ni tripleti kuwa nyingi baada ya kuongeza radikali. Hili hushangaza, lakini ndilo jambo lenye maana kubwa kuliko yote kwenye kazi hii. Singleti na radikali zikikutana, elektroni zinaweza kubadilishana ili fluorofori itoke ikiwa tripleti, na jumla ya spini ibaki dubleti kama ilivyokuwa. Radikali inafungua mlango ambao kwa kawaida ni mwembamba. Mng'ao unashuka, tripleti inaongezeka, na vyote viwili ni tukio moja.

Ili kupima tripleti peke yake, chagua ukolezi ambao hauigusi singleti. Chukua anthrasini, ambayo tripleti yake hufyonza karibu na nm 420 hadi 425. Kwa TEMPO ya 1 mM singleti yake inapungua kwa asilimia 5 tu. Tuseme tripleti bila radikali huishi µs 100, yaani k0 ni 10^4 s⁻¹, na kq ni 10^8: kasi itapanda hadi 1.1 × 10^5 s⁻¹, mara kumi na moja. Chora kasi iliyopimwa dhidi ya [Q]. Mteremko ni kq. Kabla ya hapo hakikisha mkunjo wa kushuka ni wa eksponenti moja. Ukiwa na mwanzo mkali na mkia mrefu, tripleti zinauana zenyewe kwa zenyewe: punguza nishati ya leza hadi umbo lisibadilike tena.

Kwa wenye EPR ya kufuatia muda: mistari mitatu ya TEMPO ikitokea imegeuka chini mara baada ya mweko, hakuna waya uliounganishwa kinyume. Blättler, Jent na Paul walieleza mwaka 1990 kwamba radikali inayokutana na tripleti hutoka na spini zilizopangwa isivyo kawaida, na ishara ya namna hiyo ni uthibitisho mzuri kwamba uzimaji unapitia jozi ya radikali na tripleti.

Dalili: msomaji anauliza, una hakika ni elektroni pweke?

Swali ni la haki. TEMPO inaweza pia kutoa elektroni yake kwa fluorofori. Rudia kipimo ndani ya sikloheksani na ndani ya asetonitrili, gawa kila kq kwa kikomo cha kukutana cha kiyeyushi chake, kisha linganisha. Uwiano ukikaribiana, kuhama kwa elektroni hakuna nafasi kubwa, kwani chaji zilizotengana huhitaji kiyeyushi chenye ncha za umeme, kama asetonitrili, kuzituliza.

Halafu weka kilinganishi kisicho na elektroni pweke. Wengi huchukua 2,2,6,6-tetramethilipiperidini kwa sababu ni ya bei nafuu, na hilo ni kosa: ni amini, na amini huzima fluorofori nyingi kwa kutoa elektroni. Tumia TEMPO iliyofungwa oksijeni yake kwa kundi la methili. Ina umbo lilelile na haina radikali. Ikiwa hiyo haizimi na TEMPO inazima, umejibu swali.

Dalili: kichunguzi kilichoungwa na nitroksidi kinang'aa kabla ya wakati

Blough na Simpson walionyesha mwaka 1988 kwamba nitroksidi ikiungwa kwa kifungo cha kikemia na naftalini, mng'ao huzimwa ndani ya molekuli hiyohiyo, na kuigeuza nitroksidi kuwa haidroksilamini hurudisha mng'ao. Hapa hakuna kukutana, kwa hiyo ukolezi hauna kazi. Umbali ndio wenye neno.

Kichunguzi kinachong'aa mno tangu mwanzo karibu kila mara kina uchafu wa haidroksilamini au wa fluorofori iliyokatika. Asilimia 1 tu ya uchafu unaong'aa kikamilifu inaweza kushinda mng'ao wa asilimia 99 iliyobaki. Kisafishe kwa HPLC (kromatografia ya kimiminika), kisha hesabu spini kwa EPR: kila molekuli lazima iwe na radikali moja. Mkunjo wa uhai utakuonyesha jambo hilohilo, kijisehemu kirefu kisichotakiwa juu ya kifupi kinachotakiwa.

Mng'ao usiporudi baada ya kuweka askobati (chumvi ya asidi askobiki), tazama pete. Nitroksidi za pete ya sita, kama TEMPO, hupunguzwa upesi. Za pete ya tano, kama pirolidini na isoindolini, ni ngumu zaidi na huenda zikahitaji askobati mara nyingi zaidi na muda mrefu. Na mng'ao ukirudi halafu ukaanza kushuka tena, haidroksilamini inaoksidishwa na hewa ikawa radikali upya, chembe za shaba na chuma kwenye bafa zikiharakisha. Tia DTPA (kinachofunga ayoni za metali) ya 0.1 mM kwenye bafa, pitisha arigoni kabla ya askobati, na ufunge kyuveti.